Mbuzi wa Siani na Daraja la Karatasi

Septemba 7

Nilinunua daftari hili niandike vipimo vya kazi, lakini vipimo vyote ninavyo kichwani. Ninachokikosa ni mtu wa kumsimulia mambo ya karakana ambaye si sehemu ya mambo yenyewe. Basi nitaandika mambo, vipimo vibaki vilipo.

Tumeanza. Kitabu cha mwaka huu ni changu, na nalisema hilo bila haya. Miaka yote tumetengeneza vitabu vya picha zinazoinuka kwa ajili ya wachapishaji wa London. Wao walileta nyimbo zao za watoto, mimi nikakata karatasi na kuitia akili ya kusimama, Idris akachapa, na Eluned na wenzake wakabandika kwa mkono. Ukifungua ukurasa nyumba inanyanyuka, ukifunga inalala. Kazi nzuri, lakini tulikuwa tunamlea mtoto wa mwenzetu. Safari hii ni nyimbo za Abercain, mji wetu, tulizoimbiwa sisi wenyewe kabla hatujaota meno: kuku aliyebisha hodi kwa mchungaji, mwezi uliokwama kwenye bomba la moshi, mvua ya Jumanne, na nyinginezo. Ukurasa wa mwisho, mkubwa kuliko zote, ni wa mbuzi wa Siani. Daraja litasimama kwenye mkunjo wa ukurasa juu ya mto, kanisa kushoto, kinu kulia, na mbuzi juu yake akija kanisani. Nikilifikiria nakosa usingizi kwa raha.

Jalada limeshachorwa. Chini yake: Mererid Pugh. Nimelitazama mara nyingi kuliko inavyofaa.

Septemba 9

Mvua. Eluned kasema chai yangu ni maji ya kusuuzia brashi.

Septemba 13

Eluned ni mavyaa wangu. Ana miaka sabini na mitatu, na vidole vyake havijawahi kutetemeka hata siku moja, tofauti na ulimi wake. Anakaa upande wa kinu, alikozaliwa mume wangu Emyr, na kila asubuhi anavuka daraja la mawe na wenzake watatu kuja kwetu upande wa kanisa, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa la zamani, ndiyo karakana yetu. Mji ni mmoja, mto ni mmoja, lakini mtu wa kinuni akifa akazikwa kwetu, nduguze wanasema amesafirishwa.

Leo amefungua mfano wa daraja, akaufunga, akaufungua tena.

"Linasimama," akasema.

"Ulitaka lilale, Mama?"

"Nimesema linasimama. Ukisifiwa sema asante."

Nimefurahi mpaka jioni. Huyu mwanamke hasifu hata jua likitoka, na hapa kwetu jua likitoka watu husimamisha kazi.

Septemba 20

Amekuja Bwana Haverkamp, Mholanzi, kiongozi wa chama cha wakusanyaji wa vitabu hivi. Mrefu, mpole, ana glavu nyeupe mfukoni kama daktari. Chama chake kinataka nakala mia moja, kila moja na sahihi yangu. Alipolifungua daraja alisimamisha pumzi. Nilimwona, na nakiri niliuhesabu ule mshangao kama mshahara.

"Nyumbani huwa hatuvifungui," akasema. "Tunaviweka gizani, visichakae."

Eluned akainua macho kutoka kwenye gundi. "Kwa hiyo mnanunua daraja msilivuke?"

"Tunalihifadhi, bibi."

"Mimi nina mashuka ya harusi niliyoyahifadhi hivyo. Panya ndio waliolala juu yake."

Mgeni alicheka. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Baadaye akaniuliza kama nyimbo ni za asili kabisa, maana wanachama wake hawapendi vitu vilivyobadilishwa. Nikamwambia ni za asili, nimezisikia kwa mama yangu, naye kwa mamaye. Wa kinuni wana wimbo wao wa mbuzi, wameugeuza, lakini huo hakuna anayeuhesabu. Hilo la mwisho sikumwambia.

Oktoba 2

Kazi imeshika kasi. Ningependa mtu atuone saa hizi, vichwa vimeinama, chumba kizima kinavuma kama mzinga.

Tunavuma kwa sababu hatutumii saa. Kila kilimi, ile ncha ndogo ya karatasi ya kubandikia, kikishapakwa gundi lazima kibanwe kwa kidole mpaka kishike, na sisi tunabana kwa wimbo. Ukurasa wa kuku unabanwa kwa wimbo wa kuku, ukurasa wa mwezi kwa wimbo wa mwezi. Wimbo ukiisha unaachia. Siku za unyevu, kama hizi, unaimba mara mbili. Aliyetuanzishia utaratibu huu simjui, lakini hakuna ukurasa wetu uliowahi kubanduka, na London wanalijua hilo.

Eluned ndiye anayebandika mbuzi, maana mguu wa mbuzi ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Hufanya hivyo midomo imefungwa, anavuma tu. Nami nilipokuwa nakata nilikuwa namwitikia kimoyomoyo:

Mbuzi wa Siani kachoka kinuni,
kavuka daraja kaja kanisani.
Mbona umehama, mbuzi wa Siani?
Huku kuna nyasi, kule kuna nini?

Oktoba 5

Mvua.

Oktoba 9

Mvua. Mto umepanda mpaka kwenye jiwe la tatu la nguzo ya daraja. Idris kaleta redio asikilize raga, Eluned kaizima. Mtu hawezi kubana kuku huku anashangilia Wafaransa wakiangushwa.

Oktoba 17

Nitaandika yote, hata yaliyo yangu.

Leo asubuhi nimefungua sanduku la nakala arobaini za kwanza zilizokuwa chini ya mawe ya kukandamizia. Nikafungua ya kwanza kwenye ukurasa wa mwisho. Daraja likainuka, zuri, na mbuzi juu yake amelielekezea kanisa makalio. Anakwenda kinuni.

Nikafungua ya pili. Kinuni. Ya tano, ya kumi, ya mwisho kabisa. Mbuzi arobaini, wote wanakwenda kinuni mkia juu.

"Mama," nikasema, "hawa mbuzi wanakwenda wapi?"

Hakuinua kichwa. "Wanakwenda nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Hapo ndipo alipotazama. Akachukua kitabu, akakisogeza kwenye dirisha, akaangalia mbuzi, kisha akaangalia vidole vyake mwenyewe kama watoto waliorudi nyumbani na matope. Mmoja wa wenzake akaanza kuimba polepole, kwa sauti, maneno ambayo wiki tatu nzima walikuwa wanayavuma mbele ya pua yangu, kwa tuni ileile:

Mbuzi wa Siani kahama kanisa,
kavuka daraja, kwetu kaja sasa.
Mbona umehama? Kule kuna nini?
Kengele na njaa. Unga u kinuni.

Na Eluned akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Jamani! Mikono imefuata wimbo! Sikuwaona kabisa, Mererid. Naapa sikuwaona."

Angeishia kwenye kuomba radhi, labda nami ningecheka. Lakini yeye alicheka, na wenzake wakacheka, na mimi nikaona mambo mawili tu: sahihi yangu, na Bwana Haverkamp akivua glavu zake.

"Umefanya makusudi," nikasema.

"Makusudi? Mtu wa umri wangu ageuze mbuzi arobaini kwa makusudi? Ningekuwa nataka kukukomoa ningekwambia ukweli wote kuhusu chai yako."

"Nimekuonyesha mchoro. Kichwa kinaelekea kanisani. Mtu yeyote mwenye macho angeona."

"Na mtu yeyote mwenye masikio angesikia tunachoimba. Umekaa hapo wiki tatu."

Nikasema neno ambalo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni. Nikasema, "Kubandika kwa gundi si kazi ya ajabu, Mama. Hata mtoto anaweza. Kesho nitatafuta mwingine."

Kicheko kikakatika. Eluned akavua aproni. Akaikunja katikati, akaikunja tena, akaupitishia mkunjo ukucha kama tunavyokunja ukurasa, akaiweka mezani.

"Haya," akasema. "Mtafute huyo mtoto."

Wakatoka wote wanne. Niliwaona dirishani wakivuka daraja chini ya mwavuli mmoja, na hakuna aliyegeuka.

Oktoba 18

Hawakuja. Idris akanipa kikombe cha chai, akasema bila kunitazama, "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Nikamwambia akachape.

Emyr kajipikia chai yake mwenyewe. Mume anayejipikia chai anasema mengi.

Oktoba 20

Nimebandika mbuzi sita peke yangu. Watatu wamesimama. Mmoja anachechemea.

Oktoba 23

Mto umefanya yale uliyokuwa unayanuia tangu mwezi uanze. Usiku wa kuamkia leo nguzo ya katikati ya daraja la mawe imesogea, na asubuhi polisi wameweka vizuizi pande zote mbili. Hakuna kupita, hata kwa miguu. Ukitaka kwenda kinuni lazima uzunguke mlima mzima kwa gari. Watoto wa kinuni wanaosoma shule yetu wamekaa nyumbani.

Nilisimama kwenye kizuizi na watu wengine. Ng'ambo nao walikuwa wamesimama. Nilimwona Eluned kwa kofia yake ya kijani. Alikuwa anautazama mto, au mimi, kwa umbali ule huwezi kujua. Nilitaka kuinua mkono. Sikuinua. Kiburi ni mzigo mwepesi kuubeba, kuutua ndiyo kazi.

Oktoba 27

Mvua.

Oktoba 28

Mvua. Nimeanza kuwabandua wale mbuzi arobaini kwa kisu na mvuke wa birika, niwageuze. Hawabanduki. Nilijaribu mmoja tu, daraja likataka kuja naye, nikaacha. Yule bibi anajua kubandika. Niliketi chini nikalia kidogo, na nusu ya machozi ilikuwa ya fahari, maana hiyo ndiyo kazi yetu: hata ikikosewa haibanduki.

Novemba 2

Leo kimetokea kitu na lazima nikiandike kama kilivyokuwa.

Niliacha daraja moja juu ya meza ya jikoni, la mfano, ambalo gundi ya mbuzi haikushika. Nilikuwa nimemtia mbuzi kwenye utepe wa karatasi uliopenya chini ya daraja, ili nimsogeze mahali pake bila kumgusa mguu. Ncha za utepe zilitokeza pembeni, moja kushoto na moja kulia. Nikaenda kutia makaa.

Niliporudi mlangoni nilimkuta Emyr, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, fundi mabomba, kakiweka kikombe pembeni, kaiinamia meza. Anavuta ncha ya kulia na kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa mama yake, na mbuzi anakwenda kinuni. Wimbo ukaisha. Akavuta ncha ya kushoto, akaimba wimbo wangu, na mbuzi akarudi kanisani. Kisha kinuni tena. Alikuwa anatabasamu peke yake.

"Unazijua zote mbili?" nikamuuliza.

Akashtuka kama aliyekamatwa anaiba sukari. "Nimezaliwa kule, nimeoa huku. Utafanyaje?"

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuniuliza. Huko nikiimba wa kwenu napigwa, huku nikiimba wa kwetu napigwa. Nilikuwa naimba kwenye mabomba ya watu, chini ya masinki, huko hakuna mtetezi wa mbuzi."

Nikaketi. Nikavuta kushoto. Yeye akavuta kulia. Mbuzi akaenda, akarudi. Na nikaelewa kwamba ukurasa wangu ulikuwa haujakamilika, na kwamba nilikuwa nataka kuuza nusu ya wimbo na kuuita wa asili. Niliona aibu, lakini chini ya aibu moyo ulikuwa unarukaruka, kwa sababu hapo mezani palikuwa na ukurasa bora kuliko wowote nilioufanya maishani.

"Utepe utakatika," Emyr akasema. "Watoto wawili wakivuta pamoja utakatika. Muulize Mama."

Novemba 3

Nimezunguka mlima. Ukungu ulikuwa mzito, kondoo barabarani hawataki kuhama, na ukurasa uko kwenye kiti cha pembeni nimeufunga mkanda kama abiria.

Eluned alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Umempata yule mtoto?"

"Sijampata, Mama."

"Wako wengi shuleni."

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilisema neno baya mbele ya wenzako, na halikuwa kweli. Nimebandika mbuzi sita, watatu wamekufa. Nimejaribu kubandua wako, nimeshindwa. Hakuna wa kuifanya kazi ile ila wewe, na hata kama angekuwapo, nakutaka wewe."

Alikung'uta mwiko mlangoni. Mchuzi wa kondoo na liki ulikuwa unachemka nyuma yake, harufu ikinifika mpaka miguuni, maana sikuwa nimekula.

"Mimi nami nilicheka," akasema. "Kosa halikuwa la makusudi. Kicheko kilikuwa cha makusudi. Ingia, unalowesha kizingiti."

Tulikula kwanza, kwake huwezi kutaja kazi mbele ya sahani yenye kitu. Kisha nikafungua ukurasa. Nikamwomba avute. Akavuta kulia, mbuzi akaenda kinuni, na uso wake ukawa wa msichana. Kisha nikavuta kushoto.

"Aa! Mrudishe!"

"Subiri zamu yako. Lazima wimbo wangu uishe."

"Kwa hiyo nikae hapa nikusikilize wewe ukiimba uongo?"

"Na mimi nikusikilize wako. Ndivyo ukurasa unavyotaka."

Aliuinamia akiutazama. Nikaona anaupenda na hataki kusema. Badala yake akageuza ukurasa chini juu, akaupinda, akaufungua, akaupinda, na kidole chake kikasimama katikati kabisa, pale kitabu kinapojikunja.

"Utakatikia hapa. Karatasi ikikunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja hufa, hata ungeiimbia zaburi. Hapa panataka utepe wa kitani." Akainuka, akafungua droo ya cherehani, akatoa kibunda cha utepe mweupe, ule wa kupindia mapazia. "Kitani hakifi. Na huyu mbuzi wako abadilishwe uso. Ukimvuta kwetu anakuja kinyumenyume kama mlevi."

"Nitamchora anatazama mbele. Anamtazama msomaji."

"Mbuzi asiye na upande," akasema. "Haya. Siasa."

Tulicheka wote wawili, safari hii pamoja. Nilipoondoka alinipa nusu ya mkate wa zabibu na akaniambia nimpelekee Emyr, nisiumalize njiani. Nikaumalizia njiani.

Novemba 6

Idris alipoambiwa mbuzi wote wachapwe upya alikaa juu ya ndoo. Kisha akaomba auone ukurasa. Akavuta mara moja kulia, mara moja kushoto. Akaenda kuwasha mashine.

Nikamwambia na jalada pia, kuna jina la kuongeza.

Novemba 11

Emyr ndiye daraja sasa. Kila asubuhi anazunguka mlima na masanduku kati ya mabomba yake, anapeleka kurasa kinuni, anarudisha zilizobandikwa. Jikoni kwa Eluned wanavuma wanne, huku tunavuma sisi. Emyr anasema akifika katikati ya mlima anawasikia wote. Mwongo, lakini mwongo mzuri.

Novemba 15

Mvua. Gundi inataka nyimbo tatu.

Novemba 24

Bwana Haverkamp kapiga simu. Nilikuwa nimemwandikia ukweli wote: mbuzi arobaini waliogeuka, nyimbo mbili, ncha mbili, majina mawili. Nilishajiandaa kumpoteza. Akasema chama kinabaki na agizo lake. Lakini akauliza, kwa sauti ya mtu anayenusa mchuzi wa jirani, kuhusu zile nakala arobaini "zenye kosa". Wakusanyaji wake wangetoa chochote kuzipata.

Vita vya panzi, neema ya kunguru. Nikampigia Eluned.

"Zenye nini?" akasema.

"Zenye kosa, Mama. Ndivyo wanavyoziita."

"Mwambie hatuna kitu kama hicho. Tuna vitabu arobaini ambamo mbuzi wamefika salama. Ni vya watoto wa kinuni, wamekaa mwezi mzima hawaendi shule kwa ajili ya mto. Na vitafunguliwa kila siku mpaka viwe matambara."

Nikamjibu Bwana Haverkamp hivyohivyo, neno kwa neno. Sijawahi kufurahia kukataa namna hii.

Desemba 3

Jeshi limeweka daraja la muda la chuma kando ya lile la mawe. Watu wa miguu wanapita mmoja mmoja.

Eluned alikuwa wa nne kuvuka. Alifika karakana, akachukua aproni yake palepale alipoiacha, akaikunjua. Mkunjo ulikuwa bado uko. Kisha akaonja chai yangu na kuimwaga.

Desemba 12

Siku ya kitabu. Nataka niiandike yote kabla sijalala, ingawa miguu inaniwaka.

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka kwenye madirisha. Wa kanisani walikaa kushoto, wa kinuni kulia, hakuna aliyewapanga. Bwana Haverkamp alikuwa mstari wa mbele. Kitabu kilikuwa juu ya meza, na kwenye jalada: Mererid Pugh na Eluned Pugh. Eluned alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza kwamba herufi zake ni ndogo kuliko zangu. Ni sawasawa, Idris alipima.

Tukaita watoto wawili. Kutoka kwetu akaja Cadi, ana miaka mitano na hana meno ya mbele. Kutoka kinuni akaja Huw, mkubwa kidogo, shati limechomekwa nusu. Wakakaa meza ikiwa katikati yao. Nikafungua ukurasa wa mwisho, na daraja likainuka. Ukumbi wote ukatoa pumzi. Nimetengeneza vitabu vingi, lakini ile pumzi ya watu wa kwenu wanapoona daraja lao ni kitu kingine. Lile la mawe lilikuwa bado limevunjika nje kwenye mvua, na hili limesimama.

Kabla hatujasema neno, Cadi akashika ncha yake, Huw akashika yake, wakavuta kwa nguvu zao zote kwa wakati mmoja.

Utepe ukakaza. Mbuzi akatetemeka katikati ya daraja, akitutazama wote, haendi huku wala kule. Nikamwona Eluned akifumba macho. Walivuta mpaka masikio ya Huw yakawa mekundu, na kitani hakikukatika, na kilimi hata kimoja hakikubanduka.

"Haendi!" Cadi akalia.

"Kwa sababu hamwimbi," Eluned akasema. "Mmoja anaimba, mwingine anaachia. Wimbo ukiisha, zamu inageuka."

Cadi akaimba, na Huw akaachia, amefura. Mbuzi akaja kanisani. Kisha Huw akaimba, na Cadi, ulimi nje kwenye pengo la meno, akamsikiliza mpaka mwisho, akihesabu mistari kwa vidole asipunjwe. Mbuzi akaenda kinuni. Huku kwetu tumeimba wimbo mmoja tangu kanisa lijengwe, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona mtoto wetu akiusikiliza wa pili wote.

Bwana Haverkamp akainuka. Akatia mkono mfukoni nikadhani anatoa glavu. Akatoa leso, akapangusa mikono, akaomba naye avute. Akavuta kulia, akavuta kushoto, kisha akageukia ukumbi na kuuliza kwa adabu ya kitafiti: "Samahani. Kati ya hizi mbili, wimbo wa asili ni upi?"

"WETU!" ukumbi wote ukajibu, kushoto na kulia, kwa sauti moja.

Desemba 15

Mvua imekatika. Eluned ana mafua, kalala kwake, na ilibaki nakala moja tu kati ya zile mia za Haverkamp. Nikaimaliza mwenyewe. Nikapaka gundi kwenye mguu wa mbuzi, nikaukandamiza juu ya utepe, nikavuma kama kawaida. Idris akasimamisha mashine, akanitazama, akaanza kucheka.

"Nini?" nikamuuliza.

"Endelea. Usiache katikati, atabanduka."

Ndipo nikajisikia. Midomo yangu ilikuwa wazi, na nilichokuwa ninakiimba ni kengele na njaa, unga u kinuni. Sikuachia. Niliubana ule mguu mpaka wimbo wao ukaisha, nikauimba tena kwa ajili ya unyevu, na mbuzi akasimama.